Abakasi, vizibo, bao au simu: kipi kimfae mtoto anayeanza namba?

Jumamosi moja sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, jirani yangu wa Njoro alinisimamisha akiwa na abakasi ya plastiki, ile fremu ya shanga za kuhesabia, mkono huu na chati ya namba mkono ule. "Shikamoo, Mwalimu. Hela yangu inatosha kimoja tu. Nichukue kipi?" Mwanawe wa miaka mitano alikuwa amejificha nyuma ya gauni lake. Nikamwambia avirudishe vyote viwili kwanza, jioni aje kwangu na mtoto.

Walipofika nilimwomba kijana anihesabie. Akaimba moja mpaka ishirini kwa pumzi moja, mama yake akitabasamu. Nikapanga vizibo saba vya soda mezani. Akavigusa kimoja kimoja, moja, mbili, tatu, mpaka saba, hakuruka hata kimoja. "Haya, viko vingapi?" Akarudi mwanzo: "Moja, mbili, tatu..." Nikauliza mara ya tatu. Akaanza upya, safari hii kwa sauti ya mtu anayeona kwamba huyu mwalimu hasikii vizuri.

Mama aliona aibu, lakini hapakuwa na cha kuonea aibu. Kwa mtoto yule neno "ngapi" linadai wimbo wa kuhesabu, kama "shikamoo" inavyodai "marahaba". Hajajua bado kwamba saba aliyoitamka mwisho ndiyo jibu la swali.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, waliyapanga vizuri mambo ambayo mtoto hana budi kuyashika ili kuhesabu kwake kuwe kuhesabu kweli. Majina ya namba yafuatane vilevile kila mara. Kila kitu kipate jina moja tu, kisirukwe wala kisirudiwe. Jina la mwisho ndilo idadi ya vyote. Unaweza kuhesabu chochote, hata milio ya kengele, na unaweza kuanzia upande wowote. Kijana wetu alikuwa na mambo mawili ya mwanzo. La tatu lilikuwa halijaingia, na chati ya ukutani isingelitia.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu sitazami rangi wala bei peke yake. Kila kifaa nakiuliza swali moja: kinanionyesha mtoto anavyofikiri, au kinamsaidia kunificha kwamba hajaelewa?

Wimbo na chati

Wimbo haugharimu kitu, na unaimbika huku unamenya ndizi za mtori. Usiudharau, kwa sababu bila mfuatano wa majina hakuna kuhesabu. Na sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuioni. Baada ya kumi tunasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi inasikika mle ndani waziwazi. Anayejifunza kwa Kiingereza anakutana na eleven na twelve, ambamo kumi haisikiki kabisa, halafu thirteen na thirty, ambazo mwalimu akisema haraka hazitofautiki sikioni. Wazazi wenye watoto kwenye shule za Kiingereza, na Moshi na Arusha siku hizi ni wengi, huniuliza kama wahesabu nyumbani kwa Kiingereza pia ili mtoto asichanganyikiwe. Nawajibu: nyumbani hesabuni kwa lugha mnayogombania chakula. Kumi akishaielewa, majina ya Kiingereza ni kazi ya muhula mmoja.

Bahati hiyo inakomea kwenye ishirini. Ishirini, thelathini, arobaini zimetoka Kiarabu, na mtoto hawezi kusikia mbili ndani ya ishirini wala tatu ndani ya thelathini. Ndiyo maana wengi wakifika ishirini na tisa huendelea "ishirini na kumi". Watu wazima hucheka. Mimi hufurahi, maana huyo hakukariri. Ameigundua kanuni na kuifuata mpaka ikamwangusha.

Kuna jambo jingine la lugha yetu ambalo vitabu vingi hulipita. Tunaimba "mbili", lakini tukishika vitu tunasema vizibo viwili, watoto wawili, mayai mawili, miti miwili. Moja mpaka tano, na nane, zinabadilika kufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazigeuki. Mtoto inambidi agundue kwamba wawili, viwili na mawili ni idadi ileile imevaa nguo tofauti. Dawa ni kubadilisha vitu: leo vizibo, kesho mayai, keshokutwa kuku waliopo uani.

Chati ya mia, safu kumi kwa mistari kumi, ni nzuri kwa darasa la kwanza na la pili, anapoanza kuona kwamba kushuka mstari mmoja ni kuongeza kumi. Kwa mtoto wa miaka minne ni pambo la ukuta.

Vizibo na trei ya mayai

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kifaa ninachokichagua kabla ya vingine, na sina duka la vizibo.

Vizibo unaomba kwa mwenye grosari. Vioshe, vyenye kingo kali vitupe. Kisha chukua trei ya karatasi ya mayai thelathini. Ina mistari sita yenye mashimo matano matano. Ikate kila baada ya mistari miwili na utapata vipande vitatu, kila kimoja mashimo kumi: matano juu, matano chini. Walimu wa nchi nyingine hununua kadi zilizochorwa namna hiyohiyo. Sisi tunaletewa na kuku. Chagua trei safi isiyo na kinyesi, ianike juani siku nzima, na mtoto anawe mikono akimaliza.

Kwa nini mashimo kumi kwa matano? Jicho la binadamu linatambua vitu vitatu, pengine vinne, kwa mara moja bila kuhesabu. Zaidi ya hapo linahitaji mpangilio. Vizibo saba vilivyomwagwa mezani ni fujo tu, lakini saba kwenye trei ni mstari mzima na viwili, na mashimo matatu yanayosubiri. Mtoto anaona tano na mbili, anaona pia kumi kasoro tatu, hata kabla hajajua alama ya kujumlisha.

Mchezo wenyewe ni huu. Weka vizibo, funika trei kwa khanga. Funua kwa muda wa kupiga makofi mawili, funika tena. "Umeona vingapi?" Akijibu, usiseme ndiyo wala hapana. Uliza: "Umejuaje?" Mmoja atasema, "Juu pamejaa, chini viwili." Mwingine: "Nimeona matundu matatu hayana kitu." Jibu ni saba kwa wote wawili, lakini sasa unajua vichwa vyao vimepita njia gani.

Baada ya miezi kadhaa leta trei mbili, moja ina vizibo vinane, nyingine vitano. Usimfundishe hatua yoyote, mwache. Wengi, mikono ikiwawasha kuona mashimo mawili matupu, huhamisha vizibo viwili kuyaziba. Trei ya kwanza imejaa, ya pili imebaki na vitatu: kumi na tatu. Kiswahili kimemtajia jibu. Nimefundisha awali na darasa la kwanza miaka kumi na minne, na sijaona chombo kingine kinachoikutanisha mikono ya mtoto na lugha yake namna hiyo.

Udhaifu wake ni kwamba vizibo hutawanyika, vinaingia chini ya kochi, na mtoto mdogo huweka kitu mdomoni. Kwa walio chini ya miaka minne kaa naye muda wote, na usitumie maharage wala punje za mahindi. Mpwa wangu aliwahi kupachika harage puani, siku ikaishia hospitali.

Abakasi

Abakasi inayouzwa kwetu mara nyingi ina waya kumi zenye shanga kumi kumi, jumla mia. Uzuri wake ni kwamba shanga hazipotei, na ndugu watatu wanaweza kuigombania bila kitu kuvunjika. Ubaya wake umejificha kwenye rangi. Waya wa kwanza shanga zote nyekundu, wa pili zote njano, wa tatu zote kijani. Inapendeza, lakini jicho halina pa kushika. Ili mtoto ajue amesogeza saba, inabidi ahesabu moja moja kila mara, na hiyo ndiyo tabia tunayotaka aiache.

Uholanzi walimu hutumia fremu yenye mistari miwili tu ya shanga kumi, tano nyekundu na tano nyeupe. Adri Treffers aliyeibuni alitaka jambo lilelile la trei: tano ionekane kwa jicho. Kama tayari una abakasi nyumbani usiitupe. Chukua rangi ya kucha, paka shanga tano za kila waya. Kazi ya nusu saa, na kifaa kimebadilika kabisa.

Usiichanganye na abakasi ya Kijapani, yenye shanga moja juu na nne chini kwenye kila kijiti. Ile ya juu ni tano. Ni chombo kizuri cha kasi, lakini kinamtaka mtoto ambaye tayari anaelewa makumi na mamoja. Kwa miaka mitano ni mapema.

Nikiambiwa nichague moja kati ya abakasi na trei: kwa darasa la watoto sitini, abakasi kubwa ya mwalimu ina kazi yake. Kwa nyumbani, trei.

Bao na mdako

Bao la Kiswahili lenyewe lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi. Hatua zake mbili, kunamua na mtaji, si mambo ya chekechea. Wazee huumiza vichwa. Lakini watoto tangu zamani huchimba lao ardhini, mistari miwili ya mashimo sita sita, kokoto tatu kila shimo. Unachota zote za shimo moja, unapanda moja moja. Hiyo kupanda moja moja ni ile kanuni ya Gelman na Gallistel ya jina moja kwa kila kitu, na hakuna aliyeihubiri.

Faida kubwa inakuja kabla ya kuchota. Muulize: "Ukianzia hapa, ya mwisho itaangukia wapi?" Mwanzoni atabahatisha. Baadaye ataanza kupitisha macho kwenye mashimo, midomo ikicheza. Siku moja atakataa shimo alilotaka kulichota kwa sababu ameona mwisho wake. Huko ni kupanga mbele, na ni nadra kukuona kwenye daftari la mtoto wa miaka sita.

Mdako ni ndugu yake wa haraka. Kwetu tunatia kokoto kumi kwenye kishimo, unarusha moja juu, unakokota za shimoni kabla haijadondoka; unarusha tena, unazirudisha zote ubakize moja. Mzunguko unaofuata ubakize mbili, halafu tatu. Hakuna muda wa kuhesabu, mkono na jicho lazima vijue mbili na tatu kwa kutazama. Wavulana husema ni wa wasichana. Wakipigwa mara tano mfululizo huacha kusema.

Vyote viwili havikupi ushahidi wa maandishi kwamba mtoto amejifunza, na mzazi anayetaka kuona tiki nyekundu hatatosheka. Wakati wa masika pia mashimo hujaa tope.

Sokoni na dukani

Ushauri unaotolewa sana ni "mpeleke sokoni akajifunze namba." Nakubaliana nusu. Fedha yetu haianzii kwenye moja. Sarafu tunazoshika ni za 50, 100, 200 na 500, na hiyo ya 500 ilianza kutumika mwaka 2014. Kwa mtoto wa miaka mitano "mia tano" ni jina la sarafu, kama "jero" ilivyo kwa wakubwa. Hasikii mia zikiwa tano mle ndani. Ukianza namba kwa hela unamwanzishia ghorofa ya pili.

Kilicho bora sokoni kwa mdogo ni mafungu. Nyanya zinapangwa kwa mafungu, tatu chini na moja juu, na akina mama wanajua fungu lililopungua kwa kutupa jicho tu. Ndizi zinakuja kwa chane. Mwambie achague fungu lenye nyingi zaidi, kisha mkifika nyumbani mhesabu kama alikuwa sahihi. Agawe ndizi sawa kwa wadogo zake. Wa miaka minne anaweza, kwa kutoa moja yako, moja yake, moja yangu, na huko tayari anagawanya.

Akifika darasa la pili, hapo fedha inang'aa. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha kazi waliyofanya mjini Recife, Brazil, na watoto watano wauzaji wa miaka 9 hadi 15. Hesabu zile za kwenye biashara yao walipatia asilimia 98. Walipopewa hesabu hizohizo zimeandikwa kwa tarakimu tupu, wakapatia asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35. Hakuongeza sifuri kama tulivyofundishwa. Alijua tatu ni 105, akaziweka pamoja na tatu nyingine, akaendelea hivyo hadi akafika 350. Njia ndefu, lakini ni yake na anaielewa. Pale stendi ya Moshi muulize kijana wa karanga chenji ya elfu mbili kwa paketi tatu na utaona hilohilo. Simaanishi mtoto atumwe kuuza. Namaanisha kwamba akikosea kwenye daftari, huenda hesabu anaijua na daftari ndilo halijui kumuuliza.

Hatua za ubaoni au mafumbo?

Kifaa ni nusu ya uchaguzi. Nusu nyingine ni namna unavyokitumia, na hapa wazazi na sisi walimu hutofautiana sana.

Namna ya kwanza tunaijua. Mwalimu anaonyesha hatua ubaoni, watoto wanaziiga mara ishirini, mafumbo ya maneno, yaani hesabu zilizo ndani ya hadithi fupi, yanakuja mwishoni kama zawadi kwa waliomaliza mapema. Mimi nililelewa hivyo. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya dawati, mwalimu akaniona, rula ikashuka juu ya vifundo. Kuanzia siku hiyo nilihesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu, na hilo hakuliona. Mpaka leo simkatazi mtoto vidole: ni trei aliyozaliwa nayo, tano na tano. Wazee wa Kimaasai kule Arusha hutaja idadi kwa ishara za mkono, na hakuna anayedhani hawajui kuhesabu.

Namna ya pili inaanza na fumbo, kabla ya kufundisha hatua yoyote, na kumwachia mtoto vizibo. Thomas Carpenter na Elizabeth Fennema wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walianza kuifuatilia miaka ya 1980. Mwaka 1993 Carpenter na wenzake walitoa matokeo ya watoto 70 wa chekechea waliopewa mafumbo tisa, mengine ya kuzidisha na kugawanya. Karibu nusu walitumia njia sahihi kwa yote tisa. Siri ni moja: waliigiza kilichotokea kwenye hadithi. Jaribu leo: "Bibi ana mayai 12, kila sahani anaweka matatu. Anahitaji sahani ngapi?" Mtoto anachukua vizibo kumi na viwili, anavipanga vitatu vitatu, anahesabu mafungu. Nne. Neno "kugawanya" halijatajwa.

Njia zao hukua kwa mpangilio unaotabirika. Tano na tatu: mwanzo anahesabu tano, anahesabu tatu, kisha anahesabu zote kuanzia moja. Baadaye anasema "tano" na kuendelea: sita, saba, nane. Mwisho anatumia anachokijua: "Tano na tano kumi, toa mbili." Hatua ya kwanza kwenda ya pili haifundishwi kwa kuamrisha, lakini inasaidika. Weka vizibo vitano mbele yake, vifunike kwa kikombe, andika 5 kwa chaki juu ya kikombe, weka vitatu nje. "Vyote ni vingapi?" Atataka kufunua. Mwambie vimelala. Siku ya tatu au ya nne atagonga kikombe na kusema "tano", aendelee.

Namna ya kwanza ina mtego ambao nimeuona kwenye madaftari mengi. Tunawafundisha kwamba "wamebaki" maana yake toa na "jumla" maana yake jumlisha. Halafu linakuja hili: "Baba alikuwa na kuku kadhaa. Akauza 3, wakabaki 5. Mwanzoni walikuwa wangapi?" Aliyekariri anaona "wakabaki", anaandika 2. Aliyezoea kuigiza anarudisha kuku watatu bandani, wanakuwa wanane.

Ugumu wa fumbo pia hauko kwenye ukubwa wa namba. "Mimi nina ndizi 8, wewe 5, nimekuzidi ngapi?" huwashinda hata wanaojua nane toa tano. Tom Hudson alilionyesha hili mwaka 1983 kwa picha za ndege na minyoo. Alipouliza ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, watoto wa darasa la kwanza waliopatia walikuwa asilimia 64. Alipouliza ndege wangapi watakosa mnyoo, walipatia wote. Kwa hiyo fumbo likikwama, usipunguze namba kwanza. Badilisha swali: "Kila ndizi yangu ikae na yako, ngapi zitakosa mwenzake?"

Gharama ya namna hii ni muda na subira. Fumbo moja linaweza kula robo saa, na kwenye darasa letu la watoto wengi mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Nyumbani unao uwezo huo. Mafumbo mawili kwa jioni yanatosha.

Simu na tuisheni

Katuni za Ubongo za hapa Tanzania ni nzuri, ziko kwa Kiswahili, na mmoja wa wahusika wake wadogo anaishi chini ya Kilimanjaro yetu, jambo ambalo watoto wa Moshi hujivunia kupita kiasi. Programu za kwenye tableti nazo zimepimwa nchini kwetu: kati ya 2017 na 2019 mashindano ya XPRIZE yalifanyika katika vijiji vya mkoa wa Tanga, na zawadi ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Mahali pasipo na shule karibu, hilo ni jambo kubwa. Kwa mtoto wa mjini mwenye mtu wa kuzungumza naye, simu naiweka mwisho: inajua kama jibu ni sahihi, lakini haijui kuuliza "umejuaje?" na kusubiri.

Tuisheni ya miaka mitano naielewa inatoka wapi. Shule nyingi za kulipia zina usaili, na mtoto anaambiwa aandike namba. Mwandalie basi kuandika tarakimu kwa wiki chache kabla, dakika kumi kwa siku. Usimpe mwaka mzima wa kunakili 1 mpaka 100 ukadhani anajifunza hesabu. Anajifunza mwandiko.

Kama ni wa kwako

Anayeimba mpaka mia lakini hajui "viko vingapi" apewe vizibo visivyozidi vitano, na wewe useme idadi kwanza: "Tuna vizibo vitatu. Moja, mbili, tatu. Vitatu." Akishika, panda hadi kumi kwenye trei. Anayejua idadi lakini kila hesabu anaanzia moja, mpe kikombe na chaki. Wa darasa la kwanza anayepatia hesabu za ubaoni na kukwama kwenye mafumbo hahitaji kifaa kipya. Anahitaji kuigiza hadithi, na wewe uache kumnong'oneza "toa". Wa darasa la pili mpe hela ya dukani na umdai chenji. Anayechukia namba kabisa mchimbie bao, usitaje neno hesabu kwa mwezi mmoja.

Jirani yangu hakununua abakasi wala chati. Hela ile alinunulia trei nzima ya mayai. Kila Jumamosi wanakuja kibarazani kwangu, na wiki ya pili tu kijana alijibu "saba" bila kurudia wimbo, akaniangalia kama nimechelewa kuelewa.

Jumamosi iliyopita alijaza trei zake zote tatu, akahesabu kwa kidole, akafika ishirini na tisa. "Ishirini na kumi," akasema kwa kishindo. Mama yake akafungua mdomo amsahihishe, nikamwekea mkono begani. Kijana alikuwa bado anatazama. Akagusa trei ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mwalimu, hizi ni kumi tatu."

"Ndiyo, mwanangu. Kumi tatu." Jina lake la Kiarabu nitampa Jumamosi ijayo.